Mstari Ulio Ubavuni mwa Meli

(Maneno ya hotuba juu ya sheria za meli za biashara)



Mtu asimamaye Likoni akingoja kivuko huziona meli kubwa za biashara zikipita mbele yake kuingia bandari ya Kilindini. Hutazama jina la meli, na bendera yake, na makasha yaliyopangwa juu ya sitaha kama nyumba za ghorofa. Lakini ni wachache watazamao ubavu wa meli, katikati ya omo na tezi, mahali palipochorwa duara dogo lililokatwa kati kwa mstari ulionyoka. Alama hiyo si kubwa. Upana wa duara ni milimita 300, yaani karibu na futi moja tu. Walakini meli kubwa ya biashara iendayo nchi za mbali haina ruhusa ya kung'oa nanga ikiwa imepakiwa hata alama yake ya majira hayo imezama chini ya maji. Nahodha afanyaye hivyo amevunja sheria, na meli yake yaweza kuzuiliwa bandarini.

Yafaa kila mtu ajue alama hiyo ilitoka wapi, na inafanya kazi gani. Habari zake haziwahusu mabaharia peke yao. Zinamhusu pia mkulima wa Kakamega au wa Bukoba ambaye hajapata kuiona bahari, kwa sababu zinaonyesha wazi ni wakati gani serikali hupaswa kuingia kati ya mtu na biashara yake.

AKIBA YA CHOMBO

Kwanza ni vema kufahamu kwa nini chombo huelea. Kila chombo kikaacho majini husukuma maji kando, nayo maji hukichukua kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yale yaliyosukumwa. Mzigo ukiongezwa, chombo hushuka na kusukuma maji zaidi, hata nguvu na uzito zilingane tena. Sehemu ya ubavu inayobaki kavu, juu ya maji, ndiyo akiba ya chombo.

Mfano wake ni ghala ya mahindi. Mwenye nyumba akiyauza mahindi yote wakati wa mavuno, hapati shida siku ile. Tena huonekana mjanja, maana ana fedha mkononi. Shida huja mvua zinapokosa kunyesha. Vivyo hivyo meli iliyopakiwa kupita kiasi huweza kwenda salama bandari hata bandari, maadamu bahari imetulia. Siku dhoruba itakapokuja, mawimbi hupanda sitahani, maji huingia katika ngama, uzito huongezeka, na meli haina tena ubavu wa kuinukia. Ndiyo sababu mwenye tamaa huweza kusema kwa miaka mingi kwamba hakuna hatari. Kila safari iliyofika salama humpa ushahidi, mpaka safari moja isiyofika.

Tena maji yote si sawa. Yai bichi likitiwa katika maji matamu huzama. Likitiwa katika maji yaliyokorogwa chumvi nyingi huelea. Lita elfu moja za maji matamu zina uzito wa kilo 1,000, lakini za maji ya bahari zina uzito wa kilo 1,025 hivi. Kwa hiyo meli iliyopakiwa mtoni huinuka kidogo inapoingia baharini. Bahari nazo hutofautiana: bahari za kaskazini wakati wa baridi ni kali kuliko bahari za nchi za joto. Kwa ajili hiyo, kando ya duara lile huchorwa mistari mingine mifupi yenye herufi. S ni kwa majira ya kiangazi ya huko kaskazini, W ni kwa majira ya baridi, T ni kwa nchi za joto, na F ni kwa maji matamu. Mstari wa W uko chini ya ule wa S, maana yake meli yapaswa kupakia kidogo zaidi. Ule wa T uko juu yake. Nahodha hana haja ya kubishana na mtu. Hutazama mahali alipo, na majira ya mwaka, kisha hutazama maji yamefika wapi.

MABAHARIA NA GEREZA

Alama hii haikuwako tangu zamani. Katika karne ya 19 Uingereza ilikuwa na meli za biashara nyingi kupita nchi yo yote, na utajiri wake ulitegemea bahari. Hata hivyo sheria haikumkataza mwenye meli kupakia kiasi apendacho. Tena aliweza kukatia meli kuukuu bima ya fedha nyingi kuliko thamani yake. Meli ikifika, alipata faida ya shehena. Ikizama, alilipwa na watu wa bima. Waliopoteza walikuwa mabaharia, na wake zao, na watoto wao. Watu wakaziita meli za namna hiyo majeneza yaeleayo.

Huenda mtu akauliza, kwa nini mabaharia hawakukataa kupanda? Jawabu lake ni la kuhuzunisha. Baharia aliyekwisha kutia sahihi mkataba, kisha akakataa kusafiri baada ya kuiona meli jinsi ilivyo, aliweza kupelekwa mbele ya hakimu na kufungwa gerezani kwa majuma kadhaa. Basi alichagua moja katika mawili, gereza au bahari. Wenye meli wote hawakuwa waovu. Wengi walizitunza meli zao vizuri, na mmoja wao, James Hall wa Newcastle, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuitaka serikali iweke mipaka ya kupakia. Lakini mwenye meli mwema alipata hasara kwa ajili ya wema wake, kwa kuwa jirani yake aliyepakia kupita kiasi aliweza kutoza nauli ndogo ya mizigo.

Mtu aliyelishika shauri hili kwa nguvu aliitwa Samuel Plimsoll. Alizaliwa Bristol mwaka 1824, akawa mfanya biashara ya makaa ya mawe. Kabla ya kufanikiwa alipata kufilisika, akaishi London pamoja na maskini. Na yasemekana kwamba hapo ndipo alipojifunza kuheshimu watu wa kazi za mikono. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Bunge kwa mji wa Derby. Mwaka 1873 kitabu chake juu ya mabaharia kilienea nchi nzima na kuwashtua watu. Wenye meli wengine walimshtaki mahakamani kwa kuwavunjia heshima. Serikali nayo ikaunda Tume ya Kifalme kuchunguza habari za meli mbovu.

Mwaka 1875 serikali ilileta Bungeni mswada wa sheria juu ya meli za biashara. Lakini tarehe 22 Julai Waziri Mkuu, Benjamin Disraeli, alitangaza kwamba mswada huo umeachwa kwa mwaka ule, kwa kuwa nafasi ilikuwa haba. Plimsoll alishindwa kuizuia hasira yake. Alisimama mbele ya Bunge akatikisa ngumi, akawaita wale wapelekao mabaharia mautini watu waovu, akakataa kuyaondoa maneno yake. Baada ya siku chache aliomba radhi kwa kuvunja adabu ya Bunge, lakini hakuomba radhi kwa lile alilolitetea. Watu wa miji ya bandari na viwanda walikuwa upande wake. Mwaka ule ule ikapitishwa sheria ya muda, na mwaka 1876 ikapitishwa sheria kamili iliyoamuru kila meli ya biashara ya Uingereza ichorwe alama ya kupakia.

HOJA TATU ZA WALIOPINGA

Haifai kudhani kwamba waliopinga hawakuwa na maneno. Walikuwa na hoja tatu, na kila moja yastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza ilikuwa hii: mwenye meli anaijua meli yake kuliko karani wa serikali. Maneno haya ni kweli. Lakini shauri halikuwa ujuzi, bali nani apataye faida na nani abebaye hatari. Mtu akihatarisha mali yake na maisha yake mwenyewe, busara yake yatosha kumwongoza. Akihatarisha maisha ya watu wengine ili apate faida yake, busara yake haitoshi, hata akiwa mtu mwema.

Hoja ya pili ilisema kwamba serikali ikichora mstari, mwenye meli ataacha kujitahidi, meli ikizama atasema, "Mimi nilifuata mstari wa serikali." Hoja hii ilikuwa na nguvu hata sheria ya mwaka 1876 ikatoka na kasoro kubwa. Iliamuru alama ichorwe, lakini ikamwachia mwenye meli achague mwenyewe pa kuichora. Husimuliwa kwamba nahodha mmoja wa Cardiff aliichora juu ya bomba la moshi! Kasoro hiyo iliendelea kwa muda wa miaka 14. Mafundi wa kukagua meli walifanya hesabu za umbo na nguvu za kila namna ya meli, wakatunga majedwali. Na sheria ya mwaka 1890 ikaagiza mahali pa alama pawekwe kwa kanuni za serikali, wala si kwa hiari ya mwenye meli. Tangu hapo ndipo mstari ulipokuwa mstari kweli.

Hoja ya tatu ilikuwa ya biashara: meli za Uingereza zikipakia kidogo, meli za kigeni zitapakia zaidi na kuwanyang'anya kazi. Hoja hii nayo haikuwa uwongo. Dawa yake haikuwa kuufuta mstari, bali kuwatia wote chini ya mstari mmoja. Sheria ya mwaka 1906 iliziamuru meli za kigeni ziingiazo bandari za Uingereza zifuate kanuni zile zile. Mwaka 1930 nchi nyingi zilikutana London zikapatana juu ya kanuni moja ya kupakia meli. Mkataba mpya ulifanywa mwaka 1966, ukaanza kutumika mwaka 1968, na ndio ulio msingi wa alama zionekanazo leo Mombasa, Dar es Salaam, na bandari nyingine za dunia. Plimsoll mwenyewe alifariki mwaka 1898, asiyaone hayo yote.

SHERIA ZA NCHI ZETU

Magati ya maji marefu ya Kilindini yalianza kutumika mwaka 1926, na wakati huo alama hii ilikuwa imekwisha kuwa jambo la kawaida. Kenya ilipopata uhuru wake ilitunga sheria yake ya meli za biashara mwaka 1967, na mwaka 2009 ikatunga nyingine mahali pa ile ya kwanza. Halmashauri ya mambo ya bahari ya Kenya iliundwa mwaka 2004, na miongoni mwa kazi zake ni ukaguzi wa vyombo. Katika mwaka 1998 nchi za Bahari ya Hindi zilifanya mapatano ya kukagua meli za kigeni ziingiazo bandari zao, na Kenya na Tanzania zimo. Kwa mapatano hayo mkaguzi wa Mombasa aweza kuizuia meli yenye bendera ya nchi yo yote, ikionekana kwamba haifai kusafiri.

Hivyo basi, kwa meli kubwa za mizigo, nchi zetu zimerithi faida ya magomvi ya zamani. Lakini msiba mkubwa wa maji katika Afrika Mashariki haukuwapata mabaharia wa meli za shehena. Umewapata abiria wa vivuko na wa meli za maziwa na visiwa.

Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko kilipinduka Mtongwe, Mombasa, wakafa watu 272, wengi wao wakiwa wanakwenda kazini. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka karibu na Mwanza. Watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 800 walikufa, na hesabu kamili haikupatikana kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaa watu kupita ruhusa yake, nayo ikaua mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na gati ya kisiwa cha Ukara. Watu zaidi ya 220 walikufa. Siku ile ilikuwa siku ya gulio.

Katika chombo cha abiria hatari si uzito peke yake. Gunia la saruji likiwekwa katika ngama hukaa pale pale, lakini watu hutembea. Watu wengi wakisimama sitaha ya juu, uzito hupanda juu, na chombo hukosa utulivu. Wote wakikimbilia upande mmoja ili washuke upesi, chombo huinama. Ndiyo sababu chombo cha abiria hupewa hesabu ya watu, wala si mstari tu. Hesabu ile ndiyo mstari wake.

Basi na itazamwe habari ya mwaka 1876 kwa mara nyingine. Sheria ilikuwako, alama ilikuwako, lakini mwenye faida ndiye aliyechagua pa kuichora. Je, kuna tofauti gani ikiwa mtu yule yule akusanyaye nauli katika gati ndiye ahesabuye abiria? Kila abiria akataliwaye ni fedha iliyopotea mfukoni mwake au mwa bwana wake. Mtu huyo amepewa rangi na brashi, na kuambiwa achore mstari apendapo. Yafaa mwenye kuhesabu awe mtu mwingine, asiyepata senti moja kwa kujaa kwa chombo, mwenye uwezo wa kufunga lango, na mwenye mkubwa atakayemlinda atakapolifunga.

Wala si haki kuwalaumu abiria peke yao. Mama mwenye matenga ya ndizi, ambaye chombo kinachofuata ni cha kesho, na ndizi zake kesho zitakuwa zimeiva mno, hapandi kwa sababu ya ujinga. Anapanda kama baharia wa zamani alivyopanda, kwa kuwa njia ya pili ni hasara. Kwa hiyo amri ya kukataza haitoshi bila vyombo vya kutosha. Serikali inayoweka hesabu ya watu yapaswa pia kutazama safari ni ngapi kwa siku, na siku za gulio zina watu wangapi, na mahali gani panafaa daraja badala ya kivuko. Daraja la Kigongo na Busisi, katika ghuba ya Mwanza, lililofunguliwa mwezi wa Juni 2025, ni mfano wa dawa ya namna hiyo.

KAZI YA KILA MTU

Kila chombo halali cha abiria chapaswa kuwa na hesabu yake iliyoandikwa waziwazi mahali pa kuonekana. Abiria na aisome kabla ya kulipa. Ajuaye kusoma na amsomee asiyejua. Wazee wa kijiji cha pwani au cha ziwani na waijue hesabu ya kila chombo kinachotia nanga kwao, kama wajuavyo mipaka ya mashamba. Jina la kila abiria na liandikwe, awe wa daraja la kwanza au la tatu. Maana asiyeandikwa akipanda, hata akipotea hatahesabiwa.

Nahodha aliyezoea njia yake huenda akasema kwamba amevuka mara elfu na chombo kimejaa, wala hakuna lililotokea. Na akumbushwe ghala ya mahindi. Wazee walikwisha kusema, Tamaa mbele, mauti nyuma. Walisema hivyo kabla ya Plimsoll kuingia Bungeni. Lakini methali humwonya yule tu apendaye kusikia. Kwa yule asiyependa, pamehitajiwa mstari uliochorwa kwa rangi, na mtu wa kuutazama, na lango la kufungwa maji yanapoufikia.